Kichwa cha Shujaa Nimekikata Mimi

Papa Lubunga,

Kichwa nimekikata mimi. Nakuambia mapema kabla hujasikia kwa mwingine, maana huko uliko wamekwisha kutangulia watu wengi wa Kasongo wenye midomo. Kamati haikuleta mtu kutoka Kindu, haikutafuta fundi Kabambare. Walinipa mimi nyundo. Nikapanda juu ya pipa letu la maji, nikampiga Shujaa wa Uhuru shingoni mpaka simenti ikapasuka, kisha nikakata nondo kwa msumeno, moja moja. Ilinichukua asubuhi nzima. Ulizifunga zile nondo vizuri mno, Papa, na kila nilipopumzika kufuta jasho nilikutukana kwa hilo.

Najua nilikuahidi. Ulikuwa umelala kwa Feza, binti yako, mdomo umekwenda upande, na mkono wako wa kulia, ule wa kazi, umelala juu ya shuka kama kitu ulichoazimwa na jirani. Ukaniambia, "Aziza, usikubali wavunje." Na mimi sikuitikia tu. Niliapa kwa jina la Mungu, Feza akisikia, na wewe Mkristo ulijua uzito wa kiapo changu kuliko hata ndugu zangu wa damu. Nilipomaliza kukata kichwa nilifunga siku tatu, kafara ya kiapo kilichovunjwa, na kwa Mungu nafikiri mambo yamekwisha. Kwako sijui. Ndiyo sababu naandika, na nitaandika kwa ukali, maana upole hukunifundisha.

Nilikuja kwako nikiwa na miaka ishirini na moja, kwa ajili ya mwandiko wangu tu. Wewe ulikuwa fundi wa makaburi ya simenti anayejulikana Kasongo nzima. Ulijenga misalaba, malaika, na sura za marehemu ambazo wajane walizishika mashavu wakalia upya. Lakini kuandika jina la mtu kulikushinda. Kuna familia ilikurudishia msalaba kwa sababu ulimwachia marehemu wao nusu ya jina. Mimi mkono wangu ulinyooka chuoni, kwenye ubao wa kuandikia Kurani, na Baba yangu, ambaye anauza vitambaa sokoni, alikubali nije kwako kwa sharti moja. Niandike, nichore, nikoroge, nijenge chochote, ila sura ya mtu nisiifanye. Kwetu sura ni kazi ya Mungu peke yake.

Ulicheka. Ukasema, "Basi, sura zangu, viatu vyake." Tangu siku ile ukaniita Fundi Viatu, miaka kumi na miwili, mbele ya wateja, mbele ya maiti, mbele ya mwanamume aliyekuja kunichumbia akaenda asirudi. Nilikuwa natengeneza koti, vifungo, mikunjo ya suruali, viatu vyenye kamba ambavyo mtu angetamani avivae. Na kila mteja aliposifu viatu, ulimwambia, "Viatu hata ng'ombe anaweza." Nilipokosea ulinipiga vidole kwa ubavu wa mwiko. Kidole cha kati bado hakikunjiki vizuri wakati wa baridi, nikikitazama nakukumbuka, na si kwa dua.

Lakini pia kulikuwa na ule mchanga. Kila siku, kabla ya adhuhuri, ulichota mchanga safi, ule wa mto uliochekechwa, ukaumwaga pembeni ya karakana, ukausawazisha kwa ubao ili nipate pa kuswalia. Ulisimama na fimbo ukifukuza mbuzi mpaka nitoe salamu. Hukuniambia neno lolote juu ya jambo hilo, na mimi sikukushukuru hata mara moja. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakwenda kula mihogo yako nyuma ya ukuta, ukirudi umefuta mdomo kama mwizi. Naweza kusema nilikupenda kwa yale ya mchangani na nikakuchukia kwa mengine yote, na kwamba chuki ilikuwa na siku nyingi zaidi.

Kisha ikaja ile kamati.

Unakumbuka walivyokuja, na viatu vyao vimejaa tope jekundu, wakasema Kasongo nayo inataka mnara wa kumbukumbu wa Shujaa, pale njia panda ya soko. Ukawaambia utawaletea mchoro baada ya wiki moja. Wiki ile hukuchora hata mstari. Ulikaa kwenye kaburi lisilokwisha ukitafuna karanga, ukisema, "Tutamuweka juu, juu kabisa, anyooshe kidole." Nikakuambia hapana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukuambia hapana. Nikakuambia huyu ni mtu aliyeuawa akanyimwa hata kaburi, hakuna mahali mama yake angeweza kukaa chini akamlilia. Tukimpandisha juu ya nguzo tunamnyima tena. Asimame chini, kwenye udongo wetu, kimo cha mtu. Mkono wa kulia ashike karatasi za hotuba kifuani. Wa kushoto auache chini, wazi, kiganja mbele, ili mtoto anayekwenda shule aweze kuushika akipita.

Nilichora hayo yote katika daftari la miraba, kurasa tisa, toka mbele, toka nyuma, kiganja peke yake, kiatu peke yake. Usoni niliacha duara tupu. Ulifungua kurasa moja moja mpaka ya tisa. Ukasema, "Hii iko akili, Viatu." Neno hilo nililibeba nyumbani nikalala nalo.

Siku ya pili ukasimama mbele ya kamati katika darasa la shule, ukashika daftari langu, ukasema maneno yangu. Yote, Papa. Mtu aliyenyimwa kaburi. Mama yake angeweza kukaa wapi. Mtoto anayekwenda shule. Uliyasema vizuri kuliko mimi, sauti ikakutetemeka mahali panapotakiwa, na mama mmoja wa kamati akatoa leso. Walipokubali, mama yule akanitazama nimekaa nyuma na ndoo yangu, akakuuliza, na huyu binti je? Hukugeuka hata shingo. Ukajibu, "Huyu? Anakorogaka tu simenti."

Sijui kama ulilifikiria lile neno. Nadhani hukulifikiria. Ulikuwa umeshiba sifa na mtu aliyeshiba hatazami chini. Mimi nililifikiria kila siku mpaka leo.

Sasa sikiliza jambo ambalo hukulijua.

Tulipotoka, Mwalimu wa historia, yule katibu wa kamati, alinifuata mlangoni. Alikuwa na picha ya Shujaa, safi kabisa, uso mzima, imepigwa kwa karibu. Simu yako ilikuwa ile ya vibonyezo, haipokei picha, kwa hiyo akaituma kwenye yangu. Akaniambia, "Umuonyeshe Papa, ndiyo afuate hii." Nikamwambia nitakuonyesha. Uso wenyewe ulikuwa mwembamba, taya refu, mashavu yameingia ndani kidogo, macho ya mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi. Nilimtazama pale pale barabarani, moto, pikipiki za abiria, zikinipigia honi nipishe.

Sikukuonyesha. Ningeweza kuandika kwamba nilisahau, na Feza angeniamini, lakini sikusahau hata saa moja. Simu ilikuwa mfukoni mwangu kila siku nikikoroga. Asubuhi nilikuwa najiambia, akiniita kwa jina langu leo nitamuonyesha. Uliniita Viatu. Basi nikaiacha mfukoni.

Wewe ukaenda kwenye sanduku la marehemu Mama Feza, mke wako, ukatoa kitenge chake cha sikukuu ya uhuru, kile chenye sura ya Shujaa na miwani yake ndani ya mviringo. Kila mtu pale mtaani anakijua kitenge kile. Mama Feza alikivaa kanisani, shambani, sokoni, msibani, na fundi cherehani alikikata vibaya, ule uso ukamwangukia nyuma, mahali pa kukalia. Tulikuwa tunamtania kwamba Shujaa amekaliwa na wakoloni kisha na Mama Feza, na yeye alicheka mpaka akashika ukuta. Miaka yote ile ya kukaa, kufua, kukamua na pasi ya makaa, kitambaa kilikuwa kimevutika kwa upana. Mviringo ulikuwa umelala ubavu kama yai. Lakini wewe ulikuwa unakiona kwa macho ya mume aliyefiwa. Ulikinusa kabla ya kukitandika mezani, nilikuona.

Kazi yako ilikuwa ya kamba. Ulipima kwa kamba yenye mafundo, sikio hadi sikio, pua hadi kidevu, ukazidisha, ukahamisha kwenye waya. Ulikuwa unasema, "Mimi ninaamini kamba, siamini macho." Kwa marehemu wengine ulikuwa unamkalisha ndugu yake mbele yako ukampima usoni, na ndiyo maana hukuwahi kukosea. Safari hii ulipima mahali Mama Feza alipokuwa anakalia. Ulipima bila kukosea hata fundo moja, na mashavu yakatoka vile yalivyokuwa kwenye kitambaa.

Niliyaona siku ya pili. Simenti ilikuwa bado mbichi, yangeweza kupunguzwa kwa kijiko. Ulirudi nyuma hatua nne, ukafumba jicho moja, ukafumbua. Kuna kitu kilikusumbua. Ukaniita. Kwa miaka kumi na miwili hukuwahi kuniuliza juu ya sura, na siku ile uliniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeuliza njia katika mji wa kigeni. "Unaonaje, Aziza?"

Aziza, ulisema. Si Viatu.

Nilikuwa na picha mfukoni, imegusa paja langu. Nikakujibu, "Sura haiko kazi yangu, Papa." Nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji. Nilimtumia Mungu kama ukuta wa kujifichia, na niliposwali adhuhuri juu ya mchanga uliousawazisha wewe, sikuona haya.

Siku ya kuzindua unaijua. Ulivaa lile koti la harusi ya Feza, ukasimama mbele kabisa, upande wa kushoto wa sanamu, na wanafunzi walipiga ngoma zao. Hotuba zilikuwa ndefu. Shuka likavutwa. Kwanza kulikuwa na kimya, na nilikuona ukinyoosha mabega kwa sababu ulidhani ni kimya cha heshima. Kisha mama mmoja, muuza samaki wa Nyangwe, akasema kwa sauti ambayo hakukusudia iwe kubwa, "Ee! Huyu amekula Uhuru yote peke yake!"

Na soko zima likaanguka kwa kicheko. Wanafunzi waliacha ngoma. Padri alitazama mawingu, shehe alikohoa kwenye kanzu yake, karani wa serikali alicheka kisha akajikumbuka. Nitarudi kwenye saa ile, Papa, kabla sijamaliza. Sasa siwezi.

Baada ya wiki tatu ulianguka karakanani, mwiko mkononi. Daktari alisema ni damu kupanda, kwamba ilikuwa inapanda tangu miaka mingi. Labda. Feza anasema ni aibu iliyopanda. Ulilala mwezi mmoja na siku kadhaa, na mimi nilikuja kila siku baada ya alasiri kukupaka mafuta mkono ule uliokufa. Ulikuwa unanitazama tu. Nilikuwa nategemea ungeniuliza jambo fulani na hukuniuliza.

Tulikurudisha kwenu Kabambare kama ulivyotaka. Njia unaijua. Jeneza lilifungwa juu ya moto, kwa upana, na mimi na Feza kwenye moto ya pili nyuma yako tukila vumbi lako. Mahali penye tope ilibidi wakufungue, tukakubeba kwa mabega, na dereva wako wa moto akapiga mluzi njia nzima, wimbo wa bia. Tulipofika kijijini, kabla hata hatujakushusha, mzee mmoja wa ukoo wenu akauliza kwa Kibangubangu na Feza akanitafsiria: ndiye huyu aliyemnenepesha Shujaa? Habari ilikuwa imekutangulia nyumbani, Papa. Ilifika kwa ndugu zako kabla ya maiti yako.

Jina lako niliandika mimi juu ya msalaba wa mbao. Herufi zote zipo. Kaburi lenyewe bado ni udongo, mvua moja imeshalishusha.

Mambo ya Kasongo baada yako ni haya. Wazo la mkono lilifanya kazi. Watoto wanamshika Shujaa kiganja wakienda shule, kimekwisha kung'aa, na ningekuwa na moyo mzuri ningekuambia uishie kusoma hapo. Lakini kwa mkono wa pili walikuwa wanampiga makofi ya mashavu. Alisimama chini, wakiruka kidogo wanamfikia, nilitaka hivyo mimi. Walimwita Papa Mashavu. Madereva wa moto walianza kusema, nikushushe wapi, kwa Mashavu? Wachuuzi walimwekea kipande cha muhogo mdomoni asubuhi, ili ashibe. Kuna mtu alimchora kitambi kwa mkaa juu ya koti langu, koti lenye vifungo vinne nilivyovisugua kwa kidole siku mbili.

Kisha likaja tangazo kwamba mgeni mkubwa wa jimbo atafika kwa sikukuu. Kamati ikaona haya. Wakapiga kura, wakaamua kichwa kiondoke. Walileta vijana wawili wenye nyundo kubwa za kuvunjia mawe, watu wa machimbo ya Lusangi, ambao wangepiga kichwa na mabega na mkono na kila kitu, maana huko wanajua kuvunja tu. Nikasema niachieni. Nilijiambia naokoa kazi yako. Katikati ya kukata, nimekaa juu ya pipa na vumbi la simenti kwenye meno, nikatambua kwamba mkono ni wangu, koti langu, karatasi za hotuba zangu, viatu vyangu, wazo langu. Kilichokuwa chako pale ni kichwa, na ndicho nilichokuwa nakata. Nikaendelea kukata.

Watoto walitaka kukiviringisha. Nikakifunga ndani ya kitenge cha Mama Feza, kilichokuwa bado karakanani, nikakipakia kwenye baiskeli, nikampelekea Feza. Alikifungua uani, akakitazama, akakaa chini kwenye vumbi na nguo yake ya kanisani. Hakulia. Aliniuliza, "Wewe ulikuwa pale kila siku. Kweli hukuona?"

Nikamjibu jibu lile lile nililokupa wewe. Kwamba sura haikuwa kazi yangu.

Akaniangalia kwa macho yako. Akasema, "Basi hata kazi yako usinifanyie. Kaburi la Papa tutajenga na mutu mwingine." Tangu siku hiyo tukikutana sokoni anageuza uso. Kichwa kiko nyuma ya nyumba yake, kuku wanakipanda. Nilikuwa nakiona kila nilipopita njia ile, kwa hiyo siku hizi napita njia nyingine.

Mgeni wa jimbo hakuja. Mvua, walisema. Na Shujaa amesimama njia panda bila kichwa mwezi wa tatu sasa, wamemvika gunia la chumvi shingoni ili nondo zisiote kutu. Papa, hakuna anayecheka tena. Hakuna anayemwita Mashavu. Watu wanapita haraka, wanaume wengine wanavua kofia. Mzee mmoja mkulima, nilimuona kwa macho yangu, alisimama mbele ya lile gunia akasema, "Njo vile walimufanya," yaani ndivyo waliomuua walivyomfanya. Akaweka mzigo wake chini akafuta macho. Ingekuwa ni sanaa ningejisifu. Ni uharibifu tu, tumeufanya sisi wawili, wewe kwa kamba yako na mimi kwa ukimya wangu.

Juzi kamati imenijia. Mafundi wa Kindu hawakuelewana nao, hawana mwingine, na Mwalimu amewaambia kwamba michoro ya daftari ilikuwa yangu tangu mwanzo. Alijua, Papa. Alitambua mwandiko. Wanataka nifanye kichwa.

Nimekubali. Baba yangu hajanikataza. Mimi si mtoto, na yeye amezeeka, lakini jioni akiniona nachora taya la mtu katika daftari anageukia ukuta, na chakula anachopikiwa na mimi anakula kidogo siku hizi. Hilo ni baya kuliko angenifukuza. Dhambi ya kufanya sura nitaibeba, nitaisema mwenyewe siku ya kuulizwa. Nilikataa kufanya sura wakati kuifanya kungekuokoa. Siwezi sasa kuvaa dini yangu tena kama aproni, nikivaa na kuvua kulingana na kazi.

Mwalimu aliniuliza kama nahitaji anitumie ile picha tena, labda simu yangu ya zamani ilipotea. Nikasema ninayo. Akasema, "Lakini Papa aliiona?" Nikafunga daftari. Amekuwa mwalimu miaka mingi, anajua kimya cha mtu aliyefanya kosa. Aliinuka akachukua kofia yake akaondoka, hakuniaga.

Sasa turudi siku ya shuka.

Walipoanza kucheka ulikaa umesimama, bado unatabasamu, kwa sababu ulikuwa bado hujaelewa wanacheka nini. Ukatazama sanamu. Ukatazama watu. Kisha ukaanza kunitafuta. Nilikuona ukinitafuta, kichwa chako kikigeuka mstari kwa mstari, uso baada ya uso, ukimtafuta mtu mmoja katika soko zima ambaye angekuja kusimama karibu nawe. Nilikuwa mstari wa nne, nyuma ya wauza mafuta ya mawese. Uliniona. Na mimi nilikuwa nimefungua mdomo.

Nilikuwa nacheka, Papa. Kuna kicheko cha woga, kuna kicheko cha kufuata wengine. Changu hakikuwa hivyo. Nilicheka kutoka tumboni, kwa raha, kicheko nilichokilea miaka kumi na miwili, machozi yakinitoka, na nilijua kabisa unaniona. Nilitaka unione. Ulinitazama muda kidogo. Kisha ukainama, ukaokota lile shuka chini, ukaanza kulikunja, pembe kwa pembe, taratibu, ukilinyoosha kwa kiganja kila mkunjo, kana kwamba ulikuja pale kwa kazi ya kukunja shuka. Ulipomaliza ulilibana kwapani ukaenda nyumbani kwa miguu. Hukuniambia lolote siku ile wala zile nyingine, hata nilipokupaka mafuta. Uliniomba nisikubali wavunje. Uliniomba mimi, baada ya kuniona vile, na hilo ndilo linaloniamsha alfajiri kabla ya adhana.

Nimemaliza. Kwaheri, Papa Lubunga. Lala huko Kabambare karibu na ndugu zako, na kama bado wanakucheka, wacheke, wao hawajui kufanya hata kiatu.

Ahadi yangu safari hii siiapii, maana kiapo changu umeshaona kinavyokaa. Nakuambia tu. Chini ya sanamu nitaandika jina lako kwa mwili wote, na langu kwa kichwa peke yake, ili watu wajue wa kumcheka. Siku ya shuka nitasimama mbele, peke yangu, mahali uliposimama. Wakicheka nitabaki pale mpaka wa mwisho achoke aende zake. Ninaomba wacheke. Kwa sababu wakinyamaza, wakisema ndiye, ndiye kabisa, basi Kasongo yote itakuwa inatazama kile nilichokuwa nacho mfukoni wakati wewe, umeshika mwiko, ulipogeuka ukaniita kwa jina langu.

Aziza